Ugonjwa ukilipuka Nairobi, nyumba ya vyumba viwili ijipange vipi?

Swali: "Daktari, tunaishi Pipeline, Embakasi, vyumba viwili, ghorofa ya nne. Niko na mume wangu ambaye ni wa boda, watoto watatu, mdogo ana miezi kumi, na mama mkwe ambaye ana sukari na presha. Choo na bafu tunatumia nyumba sita. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, siku zingine tunanunua ya mkokoteni. Kila nikisikia redioni kuna mlipuko wa ugonjwa mahali, silali. Nimeweka kando shilingi elfu tatu. Ninunue nini? Na je, watoto niwapeleke ushago mapema? Barakoa na glavu pia zinahitajika?"

Jibu:

Dada, mimi si daktari. Ni afisa wa afya ya umma, na kazi yangu huanzia chooni na kwenye mfereji kabla mgonjwa hajafika kitandani. Ndiyo maana katika barua yako yote jicho langu lilikwama kwenye maneno mawili: nyumba sita. Watu wengi wakiwaza kujitayarisha huuwazia mlango wao, wafunge, wanunue, wajaze kabati. Mtu wa mtaa wa Karen mwenye kisima chake na choo chake anaweza kuishi hivyo. Kwako wewe mpaka wa nyumba ni geti la ploti. Jirani wa mlango wa tatu akianza kuhara usiku, hilo limeshakuwa jambo la jikoni mwako asubuhi, hata kama hamsalimiani. Kwa hivyo sehemu ya elfu tatu yako itatumika nje ya mlango wako, na nitakuambia wapi.

Milipuko ina majina mengi, ila njia zake za kuingia nyumbani ni chache. Kuna inayopitia maji, chakula na choo, kama kipindupindu na taifodi. Kuna inayopitia hewa, kama surua, mafua na korona. Na kuna inayopitia ngozi na majimaji ya mwili, kama mpox na Ebola. Ukijipanga kwa njia hizo, hutahitaji kuanza upya kila redio inapotaja jina jipya.

Njia ya maji ndiyo iliyo karibu zaidi na wewe. Kipindupindu kimerudi Nairobi mara kwa mara: 2015, 2017, kisha 2022 kuingia 2023, na tena 2025. Wimbi la 2022 lilianzia kwenye harusi Limuru mwezi Oktoba. Wageni walikula, wakarudi makwao, na ugonjwa ukaenda nao kaunti baada ya kaunti. Mwaka 2017 uliwapata hata watu waliokuwa kwenye mkutano katika hoteli kubwa ya hapa mjini, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba huu ni ugonjwa wa mitaa ya mabanda.

Maji ya mfereji hutoka kwenye mitambo yakiwa yametiwa klorini. Yanaharibikia njiani. Wakati wa mgao mabomba hubaki matupu, na bomba tupu lenye ufa hunyonya chochote kilicho nje yake. Sasa tembea kwenye vichochoro vya mtaa wako uangalie mipira ya maji inapita wapi: mingi imelala ndani ya mtaro uleule unaobeba uchafu wa vyoo. Siku maji yanaporudi, kinachotangulia kutoka ni hicho kilichonyonywa. Maji ya mwanzo, hata yakionekana meupe, yaweke ya kupiga deki na kumwaga chooni. Jaza mitungi ya kunywa baadaye, yakishatiririka kwa muda. Ya mkokoteni usipoteze muda kumuuliza muuzaji kama ni safi, kwa sababu atakuapia ni ya kisima. Yatibu tu.

Kutibu ni kuchemsha au kutia klorini. Ukichemsha, yakishatokota na mapovu makubwa yaache dakika moja, inatosha kwa Nairobi. (Sehemu zilizo juu zaidi ya mita 2,000, kama Limuru, huachwa dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kupata joto kamili.) Lakini gesi ni pesa, na kwa watu sita kuchemsha maji yote ya kunywa kutakumaliza. Hapo ndipo chupa ya WaterGuard inapokufaa zaidi: pima kwa kifuniko chake kama lebo inavyosema kwa mtungi wa lita 20, tikisa, subiri nusu saa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope hula klorini kabla haijawafikia vijidudu. Watoto wakilalamikia harufu, fungua kifuniko kidogo itoke yenyewe. Ile harufu ndiyo ushahidi kwamba dawa bado inafanya kazi.

Nimeona nyumba nyingi zinazotibu maji vizuri sana kisha zinayaharibu kwa kikombe. Mtoto anatoka kucheza, anafunua ndoo, anachota, na vidole vinne vinaingia ndani pamoja na kikombe. Kuanzia hapo maji hayo si yako tena. Kwa hivyo kitu cha kwanza cha kununua ni ndoo yenye kifuniko na kamfereji chini, hata ya bei ya chini. Ukikosa, tumia mtungi wenye mdomo mwembamba na umimine. Chupa ya klorini inafuata, kisha sabuni.

Chakula pia kina mambo yake ya Nairobi. Mama mboga wako anakukatia sukuma, na ni huduma nzuri, lakini kisu chake na maji yake ya kunyunyiza huvijui. Wakati wa mlipuko chukua majani mazima, uyaoshe kwa maji yaliyotibiwa, ukate mwenyewe. Kachumbari ya barabarani, ile inayotiwa ndani ya smoki na mayai, mwambie mume wako aisahau kwa wiki chache. Ugali wa moto na maharagwe yanayotoa moshi vya kibandani havina shida kubwa kama hilo bakuli la kachumbari lililokaa tangu saa nne.

Sasa choo. Chukua chupa kuukuu ya soda ya lita moja na nusu, tia pakiti ndogo ya sabuni ya unga, jaza maji, toboa kifuniko tundu dogo. Ifunge kwa kamba mlangoni mwa choo pamoja na mtungi wa maji wenye kamfereji. Hayo maji ya sabuni yanaosha mikono sawasawa na sabuni ya kipande, na hakuna mtu atakayeiba, jambo ambalo kipande hakina bahati nalo. Hii ndiyo sehemu ya pesa zako inayotoka nje ya mlango. Halafu zungumza na hizo nyumba tano zingine kabla ya shida: nani anaosha choo siku gani, na mchango mdogo wa kila mwezi wa Jik, ile dawa ya klorini ya kusafishia. Mmoja atakataa kutoa, yuko kila ploti. Msilumbane naye, endeleeni. Mikono yake ikioshwa kwenye chupa yenu mmepata faida pia.

Kuhusu Jik yenyewe, soma asilimia kwenye lebo. Ikiwa ni 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji ndiyo nguvu ya kusafishia pale mtu aliyeugua alipotapika au kuharisha: mwaga juu, subiri dakika kumi, ndipo ufute. Changanya ya siku hiyo tu, maana hupoteza nguvu ikikaa. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, hasa zile zenye asidi, kwani hutoa gesi inayoweza kukudhuru vibaya katika choo kisicho na dirisha.

Weka ndani pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki vya watoto. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili, na kinaweza kufanya hivyo kwa saa chache tu. Mtu akianza kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, ORS ianze hapo hapo, kabla hata hamjapata usafiri. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu glasi kila anapohara, kwa kijiko, polepole. Akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Huyo wa miezi kumi aendelee kunyonya. Mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Haya yote ni ya njiani kuelekea hospitali. Macho yakiingia ndani, mtoto akilia bila machozi, mkojo ukikatika au mtu akilegea, msingoje kupambazuke.

Na hapo ndipo mume wako anafaa kuliko dawa yoyote ya kabatini. Pangeni leo: usiku wa manane, nani anambeba mgonjwa ngazi za ghorofa nne, na kwa chombo gani? Boda haimfai mtu aliyezimia. Tafuta jirani au dereva mwenye gari atakayepokea simu usiku, mkubaliane bei mapema. Jua ni kituo gani cha serikali kilicho karibu kinachofungua usiku, kwa sababu vingi hufunga jioni. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199 na ya Wizara ya Afya ni 719. Ziandike ukutani kwa kalamu, simu yako inaweza kuwa haina chaji.

Njia ya hewa ni ngumu zaidi kwa nyumba yako, sitakuficha. Huwezi kumpa mgonjwa chumba chake na choo chake kama wanavyosema kwenye matangazo. Fanya kinachowezekana. Mgonjwa alale karibu na dirisha linalotazama nje, si lile la korido, kwa sababu korido ni hewa ya majirani wote. Wengine walale chumba kile kingine hata kama ni kubanana sakafuni. Mchana, kama ana nguvu, mpeleke juu kwenye kamba za nguo akae juani. Mtu mmoja tu amhudumie, naye asiwe mama mkwe. Barakoa avae mgonjwa kwanza, kisha anayemhudumia, na ile ya kutupwa ikilowa itupwe. Kwa hivyo ndiyo, nunua boksi moja, usinunue matano. Na madirisha usiyafunge eti baridi ya Julai, ongeza blanketi. Jiko la makaa lisiingie ndani kwa sababu yoyote, hewa yake inaua familia nzima usingizini.

Kujifukiza kulivuma sana 2020. Mvuke unaweza kukufungua pua, lakini hauui kirusi, na sufuria ya maji moto chini ya blanketi katika chumba chenye mtoto anayetambaa naiogopa kuliko mafua. Antibiotiki za kemisti nazo haziponyi magonjwa ya virusi. Paracetamol ya kupima kwa uzito wa mtoto, maji mengi, na jicho kwenye pumzi: akipumua haraka sana au mbavu zikiingia ndani, ni hospitali.

Kwa surua kinga unayo bure. Inapewa miezi tisa na tena miezi kumi na minane. Fungua kijitabu cha kliniki leo uone kama mdogo alipata ya miezi tisa. Hao wakubwa waangalie kama walipata ya pili, maana wazazi wengi huisahau mtoto akishaanza kukimbia. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani katika chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, kwa hivyo katika jengo kama lenu hakuna ufagio wala Jik inayoshinda chanjo. Kampeni ya Julai 2025 ilitoa pia chanjo ya taifodi kwa watoto kuanzia miezi tisa hadi miaka 14. Kama wako walipata, hakikisha imeandikwa.

Mpox na Ebola nitazipitia haraka, ingawa najua ndizo zinazokunyima usingizi. Mpox ilithibitishwa Kenya mara ya kwanza Julai 2024, kwa mtu aliyepitia mpaka wa Taita Taveta. Huambukiza zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na kulala pamoja. Mwenye vidonda awe na shuka na taulo zake mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya ije. Ebola ilizuka kwa jirani zetu Uganda 2022 na 2025. Hiyo haiuguzwi nyumbani na maiti yake haioshwi na familia. Hata hospitali huwa hatarini: mwaka 1980 mgonjwa wa Marburg, ndugu yake Ebola, aliletwa Nairobi kutoka magharibi mwa nchi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa, ingawa alipona. Kazi yako ni kutomgusa, kupiga simu, na kungoja watu wenye vifaa.

Kuhusu ushago, naelewa kwa nini ndilo wazo la kwanza. Lakini kumbuka Aprili 2020. Serikali ilifunga kuingia na kutoka eneo la Nairobi tarehe 6, na wengi walikuwa wameshaondoka kwa haraka, wakipeleka mafua na hofu zao kwa wazee ambao hospitali iko mbali. Kufuli hiyo ilidumu hadi Julai 7, na familia zikakaa zimegawanyika muda wote huo. Kwa hivyo amueni mapema na kwa utulivu. Kama mama mkwe ana mtu wa kumtazama huko, ana dawa, na hakuna anayeumwa katika ploti yenu, anaweza kwenda wiki ya kwanza ya habari. Ikiwa jirani ameshaugua, mmechelewa, kaeni. Kipindupindu kinaweza kujificha hadi siku tano, surua karibu wiki mbili, mpox na Ebola hadi siku 21, na katika siku hizo utaonekana mzima kabisa kwenye matatu ya kwenda nyumbani. Watoto mimi ningewaacha hapa, wawe na mama yao na kliniki yenye kumbukumbu zao.

Mama mkwe anahitaji kitu kimoja kuliko vyote, dawa zake za mwezi mmoja wa ziada. Omba kliniki imwandikie za muda mrefu. Mwaka 2020 vituo vilifanya hivyo kwa wagonjwa wa kudumu wengi ili wasipange foleni. Mtu mwenye sukari anayekosa dawa wiki mbili anaweza kufa bila hata kuambukizwa. Usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, pia uwe sawa, na kitambulisho chake kijulikane kilipo.

Chakula cha wiki mbili kinatosha, usijaze kama wanaohamia jangwani. Ongeza kidogo kidogo: wiki hii pakiti moja ya unga, wiki ijayo ndengu na omena, ijayo mafuta. Nasema ndengu na omena kwa makusudi, kwa kuwa maharagwe makavu yatakumalizia mtungi wa gesi wa kilo sita. Shida kubwa zaidi itakuwa mapato. Kafyu ya 2020 ilianza saa moja jioni, na mtu wa boda anajua ile ndiyo saa ya pesa. Kama mna chama, pelekeni hoja sasa kwamba mfuko wa dharura ulipe pia wakati wa karantini, si wakati wa matanga pekee. Na landilodi aulizwe mapema kama atakubali kodi ya nusu nusu. Wengine hukubali wakiulizwa kabla ya tarehe, baada ya tarehe ni vita.

Mtafute pia mhudumu wa afya ya jamii anayeshughulikia ploti yenu. Tangu 2023 wako karibu laki moja nchini, wamepewa mikoba na simu, na mmoja wao amepangiwa nyumba zenu. Msimamizi wa ploti au ofisi ya chifu watakuonyesha. Ndiye atakayekuambia kama uvumi wa kwenye simu ni kweli, na ndiye wa kuambiwa watu wawili wakihara siku moja kwenye ngazi moja. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuhamishwa au kutozwa pesa, na hofu hiyo haikutoka hewani, kwani 2020 walioingizwa karantini walidaiwa malipo kabla serikali haijaamua kuyabeba. Lakini kipindupindu kikifichwa siku tatu, choo chenu kimeshakigawa.

Glavu usinunue. Watu huzivaa, wakagusa mgonjwa, kisha simu, kisha uso, wakidhani wamelindwa. Ukilazimika kusafisha matapishi, vaa mfuko mzima usiotoboka kila mkono, ugeuze ndani nje ukimaliza, utupe, unawe kwa sabuni mpaka kiwikoni. Pesa za glavu ongezea kwenye ndoo ya pili, ya pale chooni, kwa sababu ya kwanza itavunjwa na watoto kabla ya mwezi kuisha.